Kurejesha Kioo Kilichoingia Giza cha Kikokotoo cha Grafu cha Zamani: Mwongozo Kamili

Vikokotoo vya grafu vya miaka ya 1980 na 1990 bado vipo Uganda, hasa mikononi mwa walimu wa hisabati, wapima ardhi na wahandisi waliovinunua walipokuwa wanafunzi, na vingine hufika pamoja na vifaa vya mitumba. Casio fx-7000G ya mwaka 1985 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuzwa kwa umma; HP 48SX (ya Hewlett-Packard) na TI-81 (ya Texas Instruments) zikaja mwaka 1990, TI-85 mwaka 1992 na TI-82 mwaka 1993. Vitufe na saketi za mashine hizi ni imara kuliko kioo chake, kwa hiyo hitilafu inayozifikisha nyingi kwenye meza ya fundi ni kioo kilichoingia giza: pengine chote ni cheusi, pengine kimetanda madoa ya kahawia au zambarau, pengine tarakimu zinaonekana kwa shida pale tu mtu anapokiinamisha ubavu. Fundi asiyezoea kazi hii husema kioo kimekufa na kwamba spea hazipatikani. La pili huenda ni kweli, lakini la kwanza si kweli mara nyingi, kwa sababu kinachoharibika aghalabu ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa juu ya kioo, na utando huo hubadilishwa.

Mzazi anayetaka kumtengenezea mtoto wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, kifaa kama hiki afahamu kwanza kwamba mitihani ya UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, huruhusu vikokotoo vya kimya visivyoweza kuwekewa programu. Mashine hii itamfaa katika mazoezi ya nyumbani na baadaye chuoni, lakini haitaingia katika chumba cha mtihani.

Kioo hiki hufanyaje kazi

Kioo cha LCD ni vipande viwili vyembamba vya kioo vilivyogandishwa pembezoni, na katikati yake kuna kimiminika ambacho chembe zake hujipanga kwa mzunguko kama ngazi za mnara. Nje ya kila kipande kumebandikwa utando wa polaraiza, yaani plastiki inayopitisha mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja na kuuzuia ule wa mwelekeo unaokingamana nao. Nyuma ya polaraiza ya chini kuna karatasi ya kung'aa inayorudisha mwanga kwa msomaji, kwa kuwa mashine hizi hazina taa ya ndani. Mahali pasipo na umeme, kimiminika huuzungusha mwanga na kuuwezesha kupita polaraiza zote mbili, na msomaji akaona weupe wa kijivu au wa kijani. Panapopelekwa umeme, chembe husimama wima, mwanga hauzungushwi tena, polaraiza ya pili huuzuia, na nukta ikaonekana nyeusi.

Kwa hiyo giza linaweza kutoka katika sehemu tatu tofauti. Inaweza kuwa volti inayopelekwa kwenye kioo ni kubwa mno, au kimiminika chenyewe kimeguswa na joto au ufa, au polaraiza imeoza. Kila chanzo kina tiba yake, na mtu anayeanza kubandua utando kabla ya kujua ana hitilafu ipi anaweza kuharibu kioo kizima ambacho kilihitaji kubonyezwa vitufe viwili tu.

Uchunguzi kabla ya kufungua skrubu yoyote

Anza na ukolezo, yaani kiwango cha weusi wa tarakimu. Betri zinapodhoofika tarakimu hufifia, mtumiaji huongeza ukolezo kidogo kidogo, na siku anapoweka betri mpya kioo kizima hugeuka cheusi kwa ghafla. Katika mashine za TI, bonyeza 2nd na kuiachia, kisha shikilia mshale wa chini. Tarakimu ya 0 hadi 9 itatokea kwenye kona ya juu kulia ikionyesha kiwango cha ukolezo. Katika HP 48, shikilia ON huku ukibonyeza alama ya kutoa ili kupunguza, au ya kujumlisha ili kuongeza. Endelea kwa subira hata kama mwanzoni huoni mabadiliko, maana viwango vya juu vyote vinaweza kuonekana kwa jicho kuwa giza lile lile.

Pili, fikiria joto. Kimiminika hiki kikipata joto huhitaji volti ndogo zaidi ili kusimama, kwa hiyo ukolezo uliokuwa sawa asubuhi mjini Kabale unaweza kuwa mzito mno mchana katika Gulu. Kikokotoo kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari juani kinaweza kugeuka cheusi kabisa, kwani joto likivuka kiwango fulani chembe hupoteza mpangilio wake na kuacha kuuzungusha mwanga. Kiache kivulini hadi kipoe chenyewe. Usikiweke kwenye friji, kwa sababu unyevu utakaoganda ndani yake utaleta hitilafu ambayo hukuwa nayo.

Tatu, litazame giza lenyewe chini ya mwanga mkali wa tochi unaotoka ubavuni. Doa jeusi tii lenye kingo kali kama wino uliomwagika, hasa likianzia kwenye kona au kwenye ufa, ni dalili kwamba kimiminika kinavuja au hewa imeingia. Ukigusa juu yake kwa ncha ya kidole iliyofunikwa kitambaa, bila kukandamiza, doa hilo hubadilika umbo kidogo. Hakuna utando utakaoponya hali hiyo. Kinachohitajika ni kioo cha mashine nyingine ya aina ile ile. Lakini ukiona rangi ya kahawia au zambarau iliyotanda, viputo, mikunjo kama njia za mchwa, au ukisikia harufu ya siki unaponusa karibu na dirisha la kioo, hiyo ni polaraiza. Utando huo hulindwa pande zote mbili na plastiki iitwayo triasetati ya selulosi, na plastiki hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huvunjika na kutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Asidi hiyo nayo huharakisha kuoza kwa plastiki iliyobaki. Hali ya hewa ya Entebbe na Jinja, pembezoni mwa Ziwa Victoria, inafaa sana kwa ugonjwa huu, na kabati lililo chini ya mabati yasiyo na dari hufanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Ikiwa kinachokosekana ni mistari mizima, wima au mlalo, huku sehemu nyingine ikisomeka vizuri, hiyo si kazi ya mwongozo huu: ni utepe wa nyaya uliolegea kati ya kioo na bodi.

Vifaa, na mahali pa kupata utando

Utahitaji bisibisi ndogo, zikiwemo za kichwa cha nyota kwa baadhi ya mashine za TI, kadi ya plastiki isiyotumika ya kufungulia kifuko (yaani ganda la nje la kikokotoo), wembe mpya, pamba na kitambaa laini kisichoacha nyuzi, alkoholi ya isopropili, na multimita, yaani kipima umeme, kwa ajili ya hitilafu za umeme. Spiriti ya hospitali inayouzwa katika maduka ya dawa husaidia kusafisha, ila yenye rangi huacha mabaki juu ya kioo na italazimu kufuta mara ya pili. Asetoni huyeyusha gundi sugu haraka, lakini huyeyusha pia kifuko cha kikokotoo na dirisha lake, hivyo itumike kwa pamba iliyokamuliwa, juu ya kioo tupu tu.

Utando mpya wa polaraiza ya mstari huweza kuagizwa kwa njia ya intaneti, wenye gundi au usio na gundi. Hata hivyo, kwa fundi aliye Kampala kuna njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni vioo vya kompyuta na televisheni vilivyopasuka, ambavyo mafundi wa katikati ya jiji hulundika pembeni wakisubiri wanunuzi wa chakavu. Kila kioo cha namna hiyo kina polaraiza mbili kubwa zinazotosha vikokotoo vingi. Omba kioo chenyewe kikiwa kimeshatenganishwa na taa zake za nyuma, kwa kuwa monita za zamani zilitumia mirija ya taa yenye zebaki, na mrija uliovunjika ndani ya chumba kidogo ni hatari isiyolingana na faida ya utando. Pasha kona ya kioo kwa draya ya nywele, inua ncha ya utando kwa wembe, kisha vuta polepole ukiulaza nyuma kwa nyuma. Vaa miwani, maana kioo kilichopasuka hurusha vigae. Ule wa mbele mara nyingi ni wa ukungu ili kupunguza mng'ao, na juu ya kikokotoo huzifanya tarakimu kupoteza ukali. Kwa maoni yangu ule wa nyuma ndio unaostahili kutunzwa.

Epuka utando wa vioo vya simu za kisasa. Nyingi zina tabaka la ziada linalofanya upande mmoja uutendee mwanga tofauti na mwingine. Kupima ni rahisi: washa kompyuta yenye kioo cha LCD na ufungue ukurasa mweupe, kisha zungusha utando mbele yake. Polaraiza ya mstari hubadilika kutoka angavu hadi nyeusi kila robo mzunguko, na ukiigeuza upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Ikiwa upande mmoja unatia giza na mwingine hautii, uweke kando. Miwani ya jua ya polaraiza, ambayo madereva wengi wa boda boda huipenda, inafaa kwa majaribio haya lakini si kwa kukatwa, kwa kuwa imepinda. Kwa njia, mtu aliyevaa miwani hiyo anaweza kuona kioo kizima cha LCD kuwa cheusi katika pembe fulani. Mwombe mwenye kikokotoo aivue kabla hujakubali kazi.

Kufungua

Nakili kwanza programu na data zenye thamani, kwa daftari na kalamu kama hakuna kebo, kwa sababu kumbukumbu za mashine hizi hutegemea umeme. TI-82 ina betri nne za AAA na betri ndogo ya litiamu ya akiba, na kuziondoa zote hufuta kila kitu. Kisha toa betri, gusa chuma kilichofika ardhini ili kuondoa umeme tuli, na ufungue skrubu za nyuma bila kusahau zilizojificha ndani ya chumba cha betri. Kadi ya plastiki ipite kwenye mshono taratibu hadi vishikizo viachie.

HP 48 ni habari nyingine. Kifuko chake hakina skrubu. Kimeshikizwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa, na kioo chake hupata umeme kupitia ukanda wa raba wenye tabaka za kaboni unaobanwa na fremu ya chuma. Mtu asiyewahi kufungua mashine yoyote asianzie hapo. Ajifunze kwanza kwa kikokotoo kibovu cha bei ndogo, hata cha kawaida kisicho na grafu, kwani mpangilio wa tabaka ni ule ule.

Katika TI za miaka ya 1990 utepe unaounganisha kioo na bodi umegandishwa kwa joto juu ya ukingo wa kioo. Usiuvute, usiukunje na usiupashe moto. Ikiwa unaweza kufikia uso wa kioo kwa kuondoa dirisha la plastiki la mbele pekee, acha kioo mahali pake na ufanye kazi kutokea mbele. Polaraiza ya mbele ndiyo inayopata jua na joto zaidi, hivyo shughulikia hiyo kwanza na uiache ya nyuma hadi ithibitike kuwa nayo imeoza.

Kubandua utando uliooza

Hapa ndipo vioo vingi hufa, na huuawa na haraka. Ingiza ncha ya wembe chini ya kona ya utando iliyo mbali na utepe, ukiulaza wembe karibu sawa na kioo. Kona ikishainuka, ishike kwa vidole na uvute ukiurudisha utando juu yake wenyewe, si kwenda juu, kwa sababu kuvuta kwenda juu hupinda kioo na kioo hiki hakikubali kupindwa hata kidogo. Weka chini yake kitu tambarare kinachokiegemeza chote. Utando ulioiva vibaya hautoki mzima. Hutoka kwa vipande kama ganda la yai, na wakati mwingine tabaka la juu hutoka na kuacha la chini. Endelea kwa kona nyingine, ukirudia.

Gundi inayobaki ndiyo yenye kuchosha. Laza juu yake kipande cha pamba kilicholowa isopropili na kukamuliwa, kiache dakika chache, kisha kwangua kwa wembe uliolala, ukisukuma kuelekea upande mmoja tu. Isopropili isifike kwenye utepe wala kwenye doa dogo la gundi lililo ubavuni mwa kioo. Doa hilo ndilo kizibo cha tundu lililotumika kujazia kimiminika kiwandani, na likilainika kioo kitavuja. Rudia hadi kucha ikipita juu ya kioo isihisi mkwaruzo wowote.

Kioo kikishakuwa kisafi kitaonekana kitupu, cha kijivu cha fedha, hata ukiwasha mashine. Usishtuke. Bila polaraiza ya mbele jicho haliwezi kuona tarakimu hata kama zipo. Rudisha betri, washa, weka ukolezo wa kati, kisha shikilia utando wako juu ya kioo na uuzungushe. Tarakimu zikijitokeza, kioo ni kizima na kazi iliyobaki ni ya mkono. Zikijitokeza juu ya usuli wenye mabaka, polaraiza ya nyuma nayo imeoza; itabidi kukitoa kioo na kurudia kazi ile ile upande wa pili, kisha kuweka karatasi ya kung'aa nyuma ya utando mpya.

Kutafuta pembe sahihi

Jaza kioo kwa maandishi au grafu zenye mistari mingi. Zungusha utando polepole. Katika nafasi moja utaona tarakimu nyeusi juu ya usuli mweupe. Robo mzunguko kutoka hapo utaona kinyume chake, tarakimu nyeupe juu ya usuli mweusi. Wapo wanaoipenda sura hiyo ya pili, lakini bila taa ya ndani husomeka vibaya katika chumba chenye mwanga hafifu, na siipendekezi kwa mtu wa kazi. Vioo vya grafu vyenye mistari 64 mara nyingi huuzungusha mwanga zaidi ya robo mzunguko, kwa hiyo pembe bora inaweza isiwe nyuzi 45 au 90 kamili, na rangi ya usuli itabadilika kati ya kijivu, samawati na manjano ya kijani unapozungusha. Tafuta mahali ambapo tarakimu ni nyeusi zaidi huku usuli ukibaki angavu, ukitazama kwa pembe ile ambayo mtumiaji hutazamia kikokotoo kikiwa mezani. Jaribu pia kuugeuza utando upande wa pili.

Ukishapata pembe, chora mshale wa juu kwenye karatasi ya kinga ya utando. Kata kiolezo cha karatasi kinachopungua milimita moja hivi kila upande wa kioo, kilaze juu ya utando kwa kufuata mshale, na ukate kwa wembe na rula ya chuma. Kata kipande kimoja, kijaribu juu ya kioo kilichowashwa, kisha ndipo ubandike. Pembe hukosewa zaidi wakati wa kukata kuliko wakati wa kutafuta.

Kubandika na kufunga

Vumbi ndilo adui hapa, na kiangazi cha Desemba hadi Februari hulileta kwa wingi. Funga madirisha, nyunyiza maji sakafuni, zima feni, na ufute kioo mara ya mwisho muda mfupi kabla ya kubandika. Utando wenye gundi uanzie ukingo mmoja na ulazwe kidogo kidogo huku kadi iliyofungwa kitambaa ikisukuma hewa mbele yake. Usio na gundi unaweza kushikiliwa na fremu yenyewe, au na vipande vyembamba vya selotepu vilivyo nje ya eneo la kusomea. Gundi kali ya kugandisha papo hapo isitumike popote karibu, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki.

Kabla ya kukaza skrubu, hakikisha dirisha la mbele halikandamizi kioo. Utando mpya ukiwa mnene kuliko wa awali, kubana huko kutaleta kivuli katikati, na mashine ikidondoka kitakuwa ufa.

Giza lisilosikia vitufe

Kama kioo ni cheusi chote, utando ni mzuri, na ukolezo haubadiliki kwa vitufe, tafuta hitilafu kwenye bodi. Kioo cha aina hii huhitaji volti kubwa kuliko ya betri, hivyo kuna saketi ndogo inayoitengeneza na kuirekebisha. Weka multimita kwenye kapasita zilizo karibu na kichipu cha kioo na ubonyeze vitufe vya ukolezo: volti inapaswa kupanda na kushuka. Ikipanda na kushuka huku kioo kikibaki vile vile, rudi kwenye kioo. Isipobadilika, tazama njia za shaba zilizoliwa na betri iliyovuja. Uchafu mweupe wa betri za alkali husafishwa kwa tone la siki au ndimu juu ya pamba, kisha isopropili, na njia iliyokatika huunganishwa kwa uzi mwembamba wa shaba na lihamu. Kapasita za elektroliti zilizokauka hubadilishwa na za thamani ile ile, zenye volti sawa au zaidi, na upande wa hasi uwe palepale.

Baada ya matengenezo

Utando ulioondolewa utupwe, usiwekwe kwenye droo ya spea, kwa sababu mvuke wake wa asidi huweza kuanzisha kuoza kwa tando nyingine zilizo karibu. Kwa sababu hiyo hiyo, kikokotoo kinachonuka siki kisifungiwe katika kopo moja na vizima. Kihifadhiwe mahali pakavu penye hewa, mbali na mabati na dirisha la jua, pamoja na pakiti za jeli ya silika kama zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na kisipotumika kwa muhula mzima, betri za AAA zitolewe, ile ya litiamu ikiachwa mahali pake ili programu zisipotee.